Ukipewa Zipu, Ikomiti Kabla Hujaigusa

Wasee, leo naongea na wale wa laptopu. Wale ambao mjomba akisikia unasoma kompyuta anakuletea printa iliyokwama, na mwenye duka akisikia anakuletea zipu. Printa tuiwache. Hii ya zipu ndiyo imenileta hapa, kwa sababu naona tunaichukulia kama kitu cha kufungua tu na kuendelea na maisha.

Msimamo wangu ni huu. Ukipewa kifurushi cha msimbo ambacho hukuandika wewe, kitu cha kwanza kuingia kwa Git ni hicho kifurushi vile kilivyotoka kwa wenyewe. Na makosa yake, na logo yake mbaya, na yale maelezo ya Kiingereza kibovu juu ya kila faili. Hujabadilisha rangi, hujaweka jina la mteja, hujafuta hata nukta. Hiyo ndiyo komiti ya kwanza. Kazi yako inaanzia komiti ya pili. (Nasema "msimbo" kwa sababu "kodi" tayari ina wenyewe: mwenye ploti na KRA.)

Ukikaa hapa Gatongora, katikati ya wanafunzi wa Zetech pale Ruiru na wale wa JKUAT kule Juja, unaona vile msimbo unatembea. Unatembea kwa flashi. Unatembea kwa WhatsApp, kwa Telegram, kwa imeli ya mtu aliyemaliza chuo miaka minne iliyopita. Mfumo wa shule, mfumo wa chama, mfumo wa mauzo wa duka, templeti ya kanisa. Jina la faili linakupa historia yote utakayowahi kupata: `sistimu_mpya_final2_HII.zip`. Karibu hakuna mtu anaanza kutoka sufuri, na sioni aibu yoyote hapo. Mteja ana elfu kumi na tano na anataka kitu Jumatatu. Ukianza kuandika fomu ya kuingia kutoka mstari wa kwanza, Jumatatu itakupata ukiwa bado unatafuta kwa nini kitufe hakibonyezeki.

Shida iko kwa mpangilio. Mtu anafungua zipu, anabadilisha jina, anapaka rangi za mteja, anaingiza malipo ya M-Pesa, anarekebisha risiti. Wiki mbili baadaye anakumbuka Git. Anaandika `git init`, anaongeza kila kitu kwa mkupuo mmoja, na ujumbe wa komiti unasema "mwanzo". Mwanzo gani sasa? Hapo ameshachanganya maji na maziwa. Faili elfu mbili za watu wengine na faili ishirini alizogusa yeye zimeingia siku moja, saa moja, kwa jina lake. Ukiuliza Git ni nani aliandika mstari fulani, itakwambia ni yeye aliyeandika yote. Hata yeye mwenyewe akirudi baada ya miezi sita hajui mkono wake uliishia wapi.

Nitawapa mfano wa karibu. Kuna duka la vifaa vya ujenzi upande huu wa Ruiru ambalo lilikuwa na mfumo wa mauzo wa PHP, wa bure, ule mtu anapakua na kurekebisha. Mtu wa IT aliyeuweka alikuwa ameondoka zamani, na namba yake ukipiga unaongea na yule dada wa rekodi. Mwenye duka akaniita kwa sababu kampuni inayomhifadhia seva ilikuwa inaondoa toleo la zamani la PHP. "Kijana wangu," akaniambia, "mimi nataka tu hii kitu iwe mpya na isinipotezee madeni ya watu." Madeni ya watu ndiyo duka lenyewe. Mafundi wanachukua saruji na mabati leo, wanalipa wakilipwa. Nikamwambia, "Sawa, Mama."

Ndani ya folda kulikuwa na faili inayoorodhesha mabadiliko ya kila toleo, kwa hivyo nilijua toleo gani lilikuwa limewekwa. Nikaenda kwa wenyewe nikapakua toleo lile lile, la zamani vile vile, bila kusongesha hata namba moja. Nikafungua ripo tupu, nikaliweka, nikakomiti, nikalipiga lebo ya namba ya toleo. Kisha nikaondoa kila kitu kwenye folda ya kazi, nikamwaga folda ya duka mahali pale pale, nikakomiti tena. Sasa Git ilikuwa na picha mbili: hii ndiyo kitu walitengeneza wenyewe, na hii ndiyo kitu kilikuwa kinauza misumari. Nikaomba tofauti.

Mara ya kwanza ilitapika. Kila mstari ulionekana umebadilika, kwa sababu mtu fulani alihariri kwa Windows na miisho ya mistari ikageuka. Nikaongeza `-w`, inayopuuza tofauti za nafasi, na kelele ikaisha. Zikabaki faili ishirini na kitu. Logo. Namba ya till kwenye risiti. Neno "Fundi" mahali pa neno la mteja. Na VAT.

Hapo kwa VAT ndipo nilikaa. Mnakumbuka korona: Aprili 2020 serikali ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, halafu Januari 1, 2021 ikairudisha 16. Yule mtu wa IT alikuwa ameandika kiwango kwa mkono ndani ya msimbo, mahali patatu: risiti, ripoti ya siku, na ukurasa wa bidhaa zilizorudishwa. Kiwango kiliporudi 16, risiti ilirekebishwa na ripoti ikarekebishwa. Ukurasa wa kurudisha ulibaki 14.

Piga hesabu. Fundi ananunua mabati ya Sh10,000, VAT ni Sh1,600. Anayarudisha kesho yake kwa sababu mwenye nyumba amebadilisha rangi. Mfumo unatoa VAT ya Sh1,400. Sh200 zinabaki kwenye vitabu kama kodi ambayo duka linadaiwa, kwa mauzo ambayo hayapo tena. Mama alikuwa anajiandikia deni la serikali kila mara mtu anarudisha kitu, na hakuna mahali popote kwenye skrini palikuwa na rangi nyekundu. Bila lile toleo asili la kulinganisha, ningesoma folda nzima nikitafuta kitu ambacho sikujua kama kipo. Nikiwa nalo, kilikuwa mistari mitatu kwenye orodha ambayo unaimaliza kabla chai haijapoa.

Kwa hivyo mtu akiniambia Git ni ya wale wa kampuni kubwa huko Westlands, mimi namwonyesha hizo Sh200.

Sasa, kuweka kifurushi "vile kilivyo" ni rahisi kusema, lakini Git ina tabia zake. Vifurushi vingi vinakuja na faili yao ya `.gitignore`, na ukiongeza faili kwa njia ya kawaida Git inaitii na kuruka baadhi ya vitu vilivyokuwa ndani ya zipu. Haigombi, haisemi. Unadhani umeweka kila kitu na kumbe maktaba nzima imebaki nje. Ndiyo maana kwa komiti hii ya kwanza unatumia `git add -f .` ili ilazimike kuchukua yote. Folda tupu nazo Git haihifadhi kabisa, na kuna mifumo inayogoma kwa sababu folda ya picha haipo. Ukiwa kwa Windows, angalia isikubadilishie miisho ya mistari wakati inaweka, zima `core.autocrlf` kwa ripo hiyo kabla hujaanza. Na chungulia kama ndani ya zipu kuna folda ya `.git` ya watu wengine. Ikiwepo, shukuru: umepewa historia, usiifute.

Ujumbe wa hiyo komiti ndio mahali pa kuwa mwandishi. Andika jina la programu, namba ya toleo, ulikoipakua, tarehe, na ile namba ndefu ya SHA-256 ya zipu yenyewe, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili. Git pia inakuruhusu kutaja mwandishi tofauti na wewe kwa `--author`, kwa hivyo weka jina la mradi. Ukiuliza baadaye nani aliandika mstari gani, jibu litakuwa la kweli.

Kuna kitu kidogo ambacho watu wengi hawakijui na kinanifurahisha sana. Zipu iliyotoka moja kwa moja kwa kile kitufe cha kupakua cha GitHub hubeba maandishi kwenye sehemu yake ya maelezo: namba ya komiti iliyotengenezewa. Andika `unzip -z` kisha jina la faili, na itakuchapia. Zipu imepita flashi tatu na simu mbili, imebadilishwa jina mara tano, na bado inakumbuka ilikozaliwa. Ukishaipata hiyo namba, achana na zipu, nenda ukachukue ripo nzima na historia yake.

Hiyo "vile kilivyo" ni ya kifurushi cha wenyewe. Folda ya mteja ni hadithi nyingine. Folda ya mteja mara nyingi ina faili yenye nywila ya hifadhidata, funguo za M-Pesa, na ile nakala ya hifadhidata mtu aliacha humo "kwa dharura", yenye majina na namba za simu za kila mtu anayedaiwa. Hizo toa kando kabla ya komiti. Git haisahau. Ukifuta kesho, bado ziko kwenye komiti ya jana, na ukisukuma kwa ripo ya wazi kuna programu zinazozunguka mchana na usiku zikitafuta funguo kama hizo. Tena tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data. Namba ya fundi anayedaiwa mabati ni data ya mtu.

Najua kuna msee atasema hata Linus Torvalds alimwaga kila kitu bila historia. Ni kweli. Aprili 2005, alipotengeneza Git kwa sababu BitKeeper waliyokuwa wakitumia haikuwa inapatikana tena kwa masharti ya bure, kiini cha Linux kiliingia kwa Git kwa komiti moja ya toleo 2.6.12-rc2. Faili zaidi ya elfu 17, mistari zaidi ya milioni 6, na ndani ya ujumbe mwenyewe akasema wazi kwamba hajisumbui na historia nzima ingawa wanayo.

Lakini soma vizuri alichofanya. Aliandika ni toleo gani. Hilo toleo lilikuwa limeshatolewa hadharani, na yeyote angeweza kulichukua na kulinganisha. Alisema historia ipo na ameiacha nje kwa kutaka. Na kwa sababu mpaka ulikuwa safi, Thomas Gleixner akaweza kuigeuza ile historia ya BitKeeper kuwa ripo ya Git, na leo ukitaka unaweza kuziunga mbili zikawa mnyororo mmoja. Jaribu kufanya hivyo na ile "mwanzo" yako yenye rangi za mteja.

Kuna sababu nyingine, na hii inanitisha zaidi ya VAT. Machi 2024 mhandisi mmoja wa Microsoft, Andres Freund, aliona kuingia kwenye seva kwa SSH kumeongezeka kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Sisi hapa stima ikipotea na kurudi hatushtuki. Yeye akafuatilia, na Machi 29 akatangaza kwamba xz, programu ya kubana faili inayopatikana karibu kila mahali pa Linux, ilikuwa imewekewa mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na alikuwa ameshiriki kwenye mradi kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa na kupewa kazi ya kutoa matoleo.

Kinachotuhusu ni mahali alipoficha. Sehemu ya sumu ilikuwa kwenye ripo, imevaa nguo za faili za majaribio ambazo mtu hawezi kuzisoma. Lakini kile kipande kilichoiamsha, mistari michache kwenye faili ya kuelekeza ujenzi wa programu, hakikuwa kwenye ripo. Kilikuwa kwenye kifurushi tu, kile watu wanachopakua na kuamini kwa sababu kimeandikwa namba ya toleo. Aliyesoma ripo hakukiona. Kifurushi na ripo vilitaja toleo moja na ndani havikuwa sawa.

Ndiyo maana, kama mradi una ripo ya wazi, mimi naweka kifurushi na ripo pamoja na kuangalia tofauti kabla sijaenda mbali. Mara nyingi unakuta faili zinazotengenezwa na mashine, hakuna neno. Ukikuta kitu ambacho hukielewi, angalau unajua kiko wapi. Na hapa kwetu zipu nyingi hazijatoka hata kwa wenyewe. Templeti ya kulipia iliyopatikana bure kwa Telegram, wewe unafikiri aliyeipandisha alikuwa anafanya sadaka?

Halafu kuna hesabu ya muda mrefu. Ushahidi, ambayo tunapenda kujivunia, ilizaliwa hapa Kenya Januari 2008 katikati ya vurugu za baada ya uchaguzi. Toleo lake la 2 lilijengwa juu ya Kohana, kiunzi cha PHP kilichoandikwa na watu wengine, na Kohana ilisafiri ndani ya kifurushi hicho hicho. Ukiiweka Ushahidi, umeweka na Kohana. Baadaye Kohana yenyewe iliachwa na waliokuwa wakiitunza, na Ushahidi wakahamia kwingine. Hiyo ni kawaida ya msimbo: unachokibeba leo kuna siku mwenyewe ataacha kukitunza. Siku hiyo, aliye na mpaka kati ya vyake na vya wenyewe anahama na vyake. Asiye nao anahama na nyumba nzima mgongoni kama konokono.

Na tusijifanye hatujui mambo ya umiliki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inahesabu programu za kompyuta kuwa kazi ya uandishi, kama riwaya. Faili ya leseni iliyokuja na zipu si takataka ya kufuta ili folda ipendeze. Ikikaa kwenye komiti ya kwanza, siku mteja au mtu mwingine anauliza ni nini chako na ni nini cha nani, hubishani kwa mdomo. Unaonyesha tofauti. Na pia inakulinda wewe: ile mistari mia tatu ya M-Pesa uliyokesha nayo ina tarehe yake na jina lako.

Kurudi kwa sasisho, maana hapo ndipo Mama alitaka kufika. Ile komiti ya kwanza nilikuwa nimeipa tawi lake, nikaliita `asili`, na hapo hakuna mtu anagusa kitu kwa mkono. Toleo jipya lilipokuwa tayari kwenye laptopu, nilienda kwenye tawi hilo, nikafuta faili zote za zamani kwanza, nikamwaga mpya, nikakomiti, nikapiga lebo. Kufuta kwanza ni muhimu: usipofuta, faili ambazo wenyewe waliziondoa zitabaki kwako kama mizimu, na wakati mwingine waliziondoa kwa sababu zilikuwa na tundu. Kisha nikarudi tawi la duka nikaunganisha `asili` ndani yake. Git ilijua yenyewe kwamba logo ni yetu na kwamba mamia ya faili zingine ni zao.

Iligongana mahali patano tu. Miwili ilikuwa ya risiti, ikaisha haraka. Mitatu ilikuwa ile mistari ya VAT. Wenyewe walikuwa wameshahamisha kiwango cha kodi kutoka ndani ya msimbo hadi kwenye ukurasa wa mipangilio, kwa hivyo nikachukua toleo lao mahali pote patatu na kutupa letu. Madeni yalibaki kamili. Tulisoma jina kwa jina na daftari lake la karatasi, ambalo hajawahi kuliacha na sijamwambia aliache. Kisha nikamfungulia ule ukurasa wa mipangilio, nikamsogezea kibodi, na Mama akaandika 16 mwenyewe.